Hodi, Chombo Chetu Kidogo cha Kupima Sava

Ninyi mnaopima sava sasa pale Kitale, someni hii mkiwa mmeshakunywa chai na simu zimelala kifudifudi. Nitasema mara moja. Mliniomba niandike vile nilifanya kazi hii, na nimekubali kwa sababu mliniomba vizuri, si kwa sababu ya ile keki. Keki ilikuwa na sukari nyingi.

Mambo ya vyeo sitaandika. Cheo ni kama koti la mitumba, ukilipata jua lilishavaliwa na mwingine na bado litavaliwa na mwingine. Nitaandika kazi.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne, hapo baba akasema inatosha, na siku hizo baba akisema inatosha ilikuwa imetosha. Kabla ya kompyuta nilikuwa mpimaji wa mahindi kwenye ghala la mtu binafsi hapo Kitale. Kifaa changu kilikuwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji. Unachoma nacho gunia, nafaka inateremka mpaka kiganjani, unaangalia, unauma punje moja, unajua kama imekauka. Mwenye gunia siku zote anaweka mahindi mazuri juu. Bambo halina habari na ya juu, linaenda tumboni. Nilichukiwa na watu wengi wa heshima kwa sababu ya hilo bambo, wengine wazee wa kanisa.

Ghala likafungwa. Nikakaa nyumbani nikifuga kuku, na hiyo nayo ni kazi, lakini kuku hakuulizi kitu. Ndipo siku moja akaja Wanjiru. Wengi wenu mnamjua kama mkubwa wa ofisi. Mimi nilimjua kama binti wa mkulima mmoja wa hapo Trans-Nzoia, wale ambao wazazi wao walitoka upande wa kati zamani wakalima hapa mpaka wakawa watu wa hapa. Anaongea Kibukusu cha sokoni kuliko wajukuu wangu. Alikuwa amesoma mambo ya kompyuta mpaka mwisho na amefungua ofisi ya kutengeneza tovuti za shule, vyama vya wakulima na maduka.

Alikaa kwa kiti changu, akakataa soda, akasema, "Mama Simiyu, wewe ulimkatalia baba yangu gunia mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama hapo."

Nikamwambia, "Lilikuwa bichi."

"Najua lilikuwa bichi. Hata yeye alijua. Nataka mtu kama huyo ofisini."

Nikafikiri ananitaka kwa kupika chai. Chai nilipika, ndiyo, kwa sababu chai yao ilikuwa maji ya kuoshea kikombe. Lakini si hiyo alinitakia.

Siku ya kwanza nilimuuliza hii sava inakaa wapi. Nilidhani ni jumba. Akanipeleka kona ya nyuma akanionyesha kisanduku cheusi, ukubwa wa katoni ya viatu vya mwanamume, kinanguruma. Nikakigusa. Kilikuwa moto kama mtoto wa malaria.

"Hii ndiyo inajibu watu?"

"Ndiyo. Kila mtu akifungua ukurasa kwa simu yake, awe Kitale, awe Bungoma, anakuja kubisha hapa. Kazi yako ni kujua, wakija wengi mara moja, itafanya nini."

Nikamwambia itafanya kama mtu yeyote akijiwa na wageni wengi. Kwanza itatabasamu.

Wanjiru alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa rika la kitinda mimba wangu, lakini kazini alikuwa mkubwa wangu, na nilimheshimu hivyo. Alinifundisha amri moja kwa siku, kama mtu anayenywesha ndama kwa chupa. Skrini nyeusi, maandishi meupe, mimi na kidole kimoja. Nikikosea hakuninyang'anya kibodi. Hilo nawaomba mlishike, kwa sababu nimewaona nyinyi mkinyang'anya wageni wenu kibodi kama watoto wanaogombania mfupa. Mtu hajifunzi kwa kutazama mgongo wako.

Vyombo vya kupima sava vilikuwa vingi kwenye intaneti, vya watu wa mbali, vizuri sana kwa mashine zao. Sisi mashine yetu ya kupimia ilikuwa laptopu moja iliyovunjika bawaba, kifuniko kimefungwa na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Tukiwasha vile vyombo, laptopu yenyewe ilianza kuhema kabla sava haijaguswa. Namba zinatoka mbaya, sasa hujui aliyechoka ni nani, anayepimwa au mpimaji. Ni kama kupima gunia kwa mizani inayotetemeka. Kwa hivyo Wanjiru akasema tutengeneze chetu, kidogo, kisichokula kumbukumbu, kinachofanya jambo moja: kinatuma wageni wa bandia kwa sava, kinaangalia kila mgeni amengoja kiasi gani mpaka akajibiwa, basi. Hakuna rangi, hakuna michoro. Tukakiita Hodi.

Mistari mingi ya Hodi ni ya Wanjiru. Mingine ni ya Barasa, ambaye alikuwa fundi wa sava, kijana wa Bungoma mjini, mwenye mikono ya dhahabu na mdomo wa stendi. Asubuhi ya kwanza akaingia akaniambia, "Niaje, Kukhu."

Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu, hiyo ilikuwa sawa. Nikamwambia, "Niaje ni ya makanga. Mimi unaniambia habari ya asubuhi."

"Habari ya asubuhi, Kukhu."

"Nzuri."

"Sasa niaje?"

Nilimfukuza na kitambaa cha meza. Tumekaa naye miaka yote hiyo na nikimkosa siku mbili ofisi inakuwa kama jiko limezimwa.

Mstari wangu mimi ni ule wa kukataa. Mnaujua: Hodi haianzi kazi mpaka ikute kwenye sava faili ndogo ya ruhusa iliyowekwa na mwenye sava. Ulitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Misikhu aliyeuza mbegu kwa tovuti. Alikuja akiwa ameoga vizuri, akakaa, akasema tovuti yake iko sawa, anachotaka ni tupime ya mwenzake wa ng'ambo ya barabara. "Pimeni kwa nguvu," akasema, na akakonyeza jicho.

Nikamuuliza, "Mwenzako amejua?"

"Aaa, mama, si ni kupima tu?"

"Nikija kwako na watu mia nibishe mlango mpaka bawaba itoke, nikuambie nilikuwa napima?"

Akageukia Wanjiru. Wanjiru akawa anaangalia chai yake. Mtu akaenda zake, na mchana huohuo nikamwambia Wanjiru hii kitu tumetengeneza inaweza kubomoa boma la mtu, tuiwekee kufuli. Akanikalisha, akaniambia niandike mimi. Ilinichukua siku mpaka nikatoa jasho. Ilipokubali niliiendesha tena na tena nione ikikataa. Kukataa kwake kulikuwa kutamu. Vijana, msije mkautoa huo mstari ati unachelewesha kazi. Nitajua.

Sasa desturi za kupima, ambazo Wanjiru alinifunza na mimi nikazikaza. Anayepima asikae kwenye mashine moja na anayepimwa, maana wataibiana pumzi. Sava iachwe ipate joto kwanza, wageni wa mwanzo wasihesabiwe. Hata wewe ukiamshwa hujibu vizuri. Usipime mara moja ukaenda kujisifu. Usipime na Barasa anapakua video za mpira, na ukimuuliza atakataa, kwa hivyo usimuulize, chomoa waya. Na usiniletee wastani peke yake. Wastani ni yale mahindi ya juu ya gunia. Niletee wale wageni waliongoja kuliko wote, walio tumboni, niwaone. Hilo la mwisho watu hufikiri ni langu kwa sababu ya bambo, lakini ni Wanjiru aliniambia hivyo siku ile ya kwanza, ndiyo maana nikaelewa haraka.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya chama cha wakulima cha upande wa Tongaren. Wakulima walikuwa wamechoka kupanga foleni juani kwa siku kupata zamu ya mbolea, na mvua ya kupandia haijui foleni. Chama kikataka tovuti: mkulima aingie kwa simu, aweke jina na shamba, apewe siku ya kuchukua mbolea, aende shambani. Mwenyekiti alikuwa Mama Nekesa, mjane, mrefu, sauti ya kuitia ng'ombe. Aliwashawishi watu wake mmoja mmoja waache foleni waamini simu. Alituuliza swali moja tu: itabeba?

Tukapima na Hodi. Majibu yakatoka mazuri. Tulijaza wageni, tukaongeza, wengi wakajibiwa haraka, na wale waliongoja sana walikuwa wachache wa kuhesabika, hata huko tumboni. Nilipitisha mimi. Tukamwambia Mama Nekesa itabeba.

Siku ya kufunguliwa ilianza saa mbili asubuhi, na kabla chai haijaisha kwa kikombe sava ilikuwa imelala. Simu za Tongaren zikaonyesha kile kiduara kinachozunguka tu. Barasa anaizima, anaiwasha, inasimama kidogo kama mlevi, inalala tena. Adhuhuri tukafunga kabisa. Kwa mlima Elgon mawingu yalikuwa yameanza kukaa.

Kesho yake Mama Nekesa akaja mwenyewe. Hakuketi.

"Mlisema itabeba."

Wanjiru akasema, "Tulisema, mama. Pole."

"Pole napeleka wapi? Nimewatoa watu kwa foleni. Leo hawana foleni, hawana simu. Mvua ikinyesha wiki ijayo watapanda na nini, na pole?"

Barasa akajaribu, "Mathe, inaweza kuwa ni netiweki ya huko—"

"Wewe nyamaza, sijazaa mtu wa kunifundisha netiweki ya kwangu."

Nikaleta kiti, nikaleta chai, nikamwambia kwa Kibukusu aketi kwanza, hasira ya kusimama inaumiza magoti. Akaketi. Wanjiru akamuuliza polepole, "Tuambie tu, mama, jana huko ilikuwaje. Mtu akikosa, alifanya nini?"

"Angefanya nini? Anabonyeza tena! Ikikataa anabonyeza. Anampigia ndugu yake aliye Webuye, yule naye anabonyeza. Mtoto anachukua simu ya mamake anabonyeza. Ulidhani watakaa wakingoja? Mvua inawangoja?"

Wanjiru aliweka kikombe chini. Halafu akasema, kama mtu anayejisemea, "Sisi wageni wetu wanangoja."

Nitawaeleza vile alitueleza siku hiyo, ili kosa hili lisirudi kwenye ofisi hii. Hodi tulikuwa tumeipa adabu ya nyumbani. Kila mgeni wake anabisha, anasimama mpaka aambiwe karibu, anahudumiwa, anatoka, ndipo anarudi kubisha tena. Hakuna kati yetu aliyewaza vingine. Kwetu hapa, ni nani anayebisha, na kabla hajajibiwa anabisha tena, na anaita majirani waje wabishe naye? Huyo ni mwizi, au analeta habari ya msiba.

Lakini angalieni matokeo yake. Sava ikianza kulemewa, inachelewa kujibu. Ikichelewa, wageni wetu wote wamesimama nje kwa heshima, na wakisimama hakuna mpya anayekuja. Kwa hivyo kadiri sava ilivyochoka, ndivyo sisi tulivyoipunguzia kazi. Inapumzika, inapata nguvu, inajibu tena, na Hodi inaandika vizuri sana. Wale wote ambao wangebisha wakati imekwama hawakuhesabiwa popote, maana hatukuwaruhusu watoke nyumbani. Ndiyo maana hata tumbo la gunia lilionekana kavu. Tulikuwa tumepima sava kwa wageni wenye kuihurumia.

Mama Nekesa aliposikia alitazama laptopu yetu na ukanda wake wa tyubu, akasema, "Hao wageni wenu ni malaika. Tongaren hatuna." Akanywa chai yake. Kisha akasema, bila sauti ya ng'ombe, "Mama Simiyu, Jumamosi tutafungua tena. Zaidi ya hapo mvua haitanipa nafasi. Kama hamwezi, niambie leo niwarudishe watu kwa foleni mapema."

Wanjiru akasema tutaweza. Mimi nikasema, "Usiwarudishe, lakini usiwaahidi. Alhamisi nitakuambia ndiyo au hapana, na nikisema hapana, ni hapana."

Tukakaa kwa kazi. Wanjiru akabadilisha tumbo la Hodi: mgeni sasa anatoka nyumbani kwa saa, si kwa kungoja kuambiwa karibu. Wakati wake ukifika anaenda, kama aliyemtangulia amejibiwa au bado. Na kungoja kwake kunahesabiwa tangu dakika aliyopaswa kubisha, si tangu alipopata nafasi ya kubisha. Mistari michache tu, na laptopu haikuhema. Barasa akaangalia, akasema, "Sasa hiyo si kupima, Kukhu, hiyo ni vita."

"Ni Tongaren," nikamwambia. "Endesha."

Sava ilianguka mara moja, na kwa wageni wachache kuliko tulivyowahi kuipa. Ilikuwa aibu, na pia nilifurahi, kama vile unafurahi bambo likitoa mahindi yaliyooza: angalau sasa yako mkononi. Tukatafuta inapougulia. Barasa ndiye aliyeona. Kila mgeni akishahudumiwa, sava ilikuwa inamwekea kiti chake kwa muda, labda ataomba kitu kingine. Ni ukarimu mzuri kama nyumba ina viti. Hapa viti viliisha, wanaobisha wakabaki nje, na ndani wamekaa watu ambao wameshakula. Barasa akafupisha huo muda mpaka ukawa pumzi mbili tatu, akaongeza viti kadiri kumbukumbu ilivyoruhusu, na Wanjiru akapunguza uzito wa ukurasa, akatoa picha ya shamba la mahindi ambayo chama kilikuwa kimeipenda sana. Kila wakibadilisha kitu kimoja, mimi napima. Kitu kimoja tu. Barasa alitaka kubadilisha vitatu pamoja nikamshika mkono. Ukiweka chumvi na pilipili na limau pamoja, mchuzi ukiharibika utalaumu nani?

Alhamisi nilimpigia Mama Nekesa nikamwambia itabeba watu wa kiasi fulani kwa dakika, na wakizidi hapo wengine watangoja lakini haitalala. Nikamwambia awaambie watu wa upande wa juu waingie asubuhi, wa chini baada ya chakula cha mchana.

"Watasikia?"

"Nusu yao."

"Hata robo," akasema, "wewe hujui watu wangu." Lakini akawaambia.

Ilivyoisha kwa Tongaren mnajua, kwa sababu chama kile ni wateja wenu mpaka leo: mbolea iliingia ardhini kabla ya mvua kubwa, na Mama Nekesa alituletea jogoo ambaye Barasa alimwogopa. Hodi mpya ndiyo mnayotumia. Ikiwa nzito siku moja, ikiwa na rangi na michoro, jueni mmeipoteza. Na mtu akiwaletea chombo kingine, kizuri, cha bure, swali la kwanza muulizeni: wageni wako wanatoka nyumbani kwa saa au wanangoja kuambiwa karibu?

Yale hamjui ni ya kwangu nyumbani. Ile Jumamosi Wanjiru hakunitaka ofisini. Alisema anataka jicho upande wa mkulima, nami nyumbani kwangu karibu na Misikhu ninaye mkulima: Nasimiyu, mke wa mwanangu, ndiye anayelima kipande chetu cha Tongaren. Saa mbili tulikuwa sote sebuleni, yeye, mwanangu, wajukuu waliokuja kuona ati kazi ya Kukhu, na majirani wawili. Radi ilikuwa inatembea mbali. Nasimiyu akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Kisha ukurasa ukafunguka, akaweka jina, akaweka shamba, akabonyeza, na siku yake ya kuchukua mbolea ikatokea.

Nyumba ikapiga kelele. Nasimiyu akawa analia na kucheka, anaonyesha watoto, anasoma jina lake, anaufungua ukurasa upya alione tena, anaufungua tena amwonyeshe jirani, na wajukuu nao, ambao hawana hata mche wa sukuma wiki, kila mmoja ameshika simu yake anaingia aone. Hapo simu yangu ikalia. Ilikuwa Wanjiru.

"Mama Simiyu, bado imesimama, haijalala. Lakini viti vimebaki kidogo sana. Wanaendelea kuja."

Nikakata simu. Nikasimama, na wananijua nikisimama.

"Nasimiyu," nikasema, "umeshaingia, umeshapata. Funga hiyo kitu, utoke, mwenzako aingie. Na nyinyi ambao hamna shamba, zimeni simu zote mchukue majembe."